Kitatuzi Kinapokana Jina Lililopo

Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya Jeshi la Wananchi yakaingia katika barabara za Lindi na Mtwara, na hesabu kubwa ikaanza. Mkulima mwenye mzigo unaozidi kilo 1,500 hakulipwa papo hapo. Shamba lake lilihakikiwa kwanza, kwa sababu Serikali ilitaka kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, waliokuwa wamejificha nyuma ya majina ya wakulima. Katika vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, orodha za majina, kilo, bei na makato zilipitiwa mstari kwa mstari.

Hesabu ya aina hiyo ni kazi nzuri ya kwanza kwa kijana wa Mtama aliyejifunza Python. Haihitaji mtandao wenye kasi wala kompyuta kubwa. Inahitaji orodha ya mizigo, bei moja, kikomo kimoja na fanksheni chache. Kazi ikimkwama, lugha yenyewe humpa chombo cha kusakia hitilafu: kitatuzi kiitwacho `pdb`, kinachokuja pamoja na Python bila malipo na bila kupakua chochote cha ziada. Tangu toleo 3.7 la mwaka 2018, neno moja tu, `breakpoint()`, likiandikwa ndani ya fanksheni, husimamisha programu hapo na kumruhusu mwandishi wake aulize thamani ya jina lolote.

Lakini chombo hicho kina tabia iliyowapotosha wengi. Wakati mwingine hujibu kwamba jina halipo, ilhali jina hilo lipo, lina thamani, na programu inaendelea kulitumia bila shida yoyote.

Chukua mfano huu, ulioandikwa kwa vigezo vya msimu ule wa 2018:

    def chambua(mizigo, bei):
        kikomo = 1500
        jumla = sum(mizigo) * bei
        breakpoint()
        return jumla

Programu inaposimama, mwandishi anauliza `kikomo`, na kitatuzi kinajibu 1500. Anauliza `mizigo`, na orodha ya kilo inaonekana yote. Sasa anataka kujua ni mizigo ipi inayopaswa kuhakikiwa, kwa hiyo anaandika usemi wa orodha, ule mstari mmoja wa Python unaochuja orodha na kutoa nyingine:

    (Pdb) [k for k in mizigo if k > kikomo]
    *** NameError: name 'kikomo' is not defined

Kitatuzi kinadai kuwa `kikomo` halijafafanuliwa, baada ya kutaja thamani yake kwa mdomo wake chenyewe sekunde chache kabla. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba katika mstari uleule `mizigo` limeonekana na `kikomo` limekanwa. Mstari huohuo ukihamishiwa ndani ya faili, katikati ya fanksheni `chambua`, unafanya kazi bila lawama.

Anayeanza huhitimisha kwamba programu yake ina kasoro. Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Kosa hilo halisemi lolote kuhusu programu. Linaeleza jinsi kitatuzi kilivyouliza swali.

Python huamua makazi ya kila jina kabla ya fanksheni kuanza kufanya kazi. Inapoisoma `chambua`, inaona kwamba `kikomo` linapewa thamani humo ndani, hivyo inaliandikisha kuwa jina la ndani. Kama ndani ya `chambua` kungekuwa na fanksheni nyingine ndogo inayolitaja `kikomo`, Python ingegundua hilo mapema na kuandaa kisanduku cha pamoja ambacho fanksheni zote mbili hukifikia. Mpangilio huu wa nani anaona jina gani ndio huitwa mawanda ya jina. Kwa kawaida utafutaji hufuata ngazi nne: ndani ya fanksheni yenyewe, kisha katika fanksheni inayoizunguka, kisha katika majina ya faili zima, na mwisho katika majina yaliyozaliwa na lugha kama `sum` na `len`.

Mstari unaoandikwa kwenye kitatuzi hufika baada ya maamuzi hayo kwisha. Python haikuuona ilipokuwa ikiisoma `chambua`, kwa hiyo haikuandaa kisanduku chochote kwa ajili yake. Kitatuzi huuchukua mstari huo, huutafsiri peke yake kana kwamba umesimama nje ya fanksheni zote, kisha huuendesha kwa `exec` na kuupa kamusi mbili: moja ya majina ya faili zima, nyingine ya majina ya ndani ya fremu iliyosimama, yaani ule mwito wa fanksheni ambamo programu imesimama. Nyaraka rasmi za Python zinaeleza kwamba msimbo unaoendeshwa kwa `exec` na kamusi mbili tofauti hutendewa kana kwamba umeandikwa ndani ya klasi. Sentensi hiyo fupi ndiyo ufunguo wa fumbo lote.

Jina likisimama wazi, kama `kikomo` peke yake, utafutaji unapita kwenye kamusi ya ndani, unalipata, na jibu linatoka. Lakini hadi toleo 3.11, usemi wa orodha uligeuzwa kimyakimya kuwa fanksheni ndogo iliyofichwa. Ndani ya fanksheni hiyo, `kikomo` si jina lake. Hakuna fanksheni inayoizunguka, kwa sababu mstari umetafsiriwa nje. Kamusi ya ndani nayo hairithiwi, kama vile majina ya klasi yasivyorithiwa na fanksheni zilizomo. Python inaruka moja kwa moja hadi kwenye majina ya faili zima, inayakosa, na kurudi na `NameError`. `mizigo` limeponea kwa sababu moja tu: orodha ya kwanza inayozungukwa hukokotolewa nje, kabla ya kuingia katika fanksheni iliyofichwa.

Kanuni hiyohiyo inaeleza visa vingine vinavyoonekana tofauti. `sum(k * bei for k in mizigo)` hushindwa kwa ajili ya `bei`. `sorted(mizigo, key=lambda k: abs(k - kikomo))` hushindwa kwa ajili ya `kikomo`. `any`, `all`, `filter` na `map` vinavyobeba usemi wa jenereta, kama ule ulio ndani ya `sum`, au `lambda`, yaani fanksheni isiyo na jina, huangukia shimo hilohilo. Popote mstari wa kitatuzi unapozaa fanksheni ndani yake, majina ya fremu hupotea machoni pa fanksheni hiyo.

Hali hii ina historia, na historia hiyo inamsaidia mtu kujua kompyuta yake iko upande gani wa mto. Guido van Rossum alianza kuiandika Python Desemba 1989 katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam, na toleo la kwanza kwa umma likatoka 1991. Kwa muongo wa kwanza hapakuwa na ngazi ya fanksheni inayozunguka kabisa. Jina lilitafutwa ndani, kisha kwenye faili, kisha kwenye lugha. Jeremy Hylton ndiye aliyeandika pendekezo la PEP 227 lililoleta mawanda yaliyopandana, likaingia kama hiari katika Python 2.1 mwaka 2001 na kuwa lazima katika 2.2 mwishoni mwa mwaka huo.

Usemi wa orodha ulikuwa umeshaingia katika toleo 2.0, mwaka 2000, ukiwa na kasoro yake: jina la kuzungukia, kama `k` katika mfano wetu, lilivuja na kubaki nje baada ya mstari kwisha. Mtu aliyekuwa na `k` nyingine muhimu alikuta imefutwa. Python 3.0, iliyotoka Desemba 2008, iliuziba uvujaji huo kwa kuuweka usemi wa orodha ndani ya fanksheni yake iliyofichwa. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa programu, ila kitatuzi kililipa gharama. Mistari iliyofanya kazi kwenye `pdb` ya Python 2 ikaanza kutoa `NameError` kwenye Python 3, na malalamiko yaliandikishwa rasmi kwa wasanidi wa lugha mwaka 2014.

Dawa ilichukua takriban muongo mzima, na ilikuja kwa vipande. Kipande cha kwanza kilitokea katika Python 3.12, Oktoba 2023. Pendekezo la PEP 709 la Carl Meyer liliiondoa ile fanksheni iliyofichwa na kuuyeyusha usemi wa orodha ndani ya msimbo unaouzunguka. Lengo lake lilikuwa kasi, lakini kitatuzi nacho kilinufaika, kwa kuwa mstari wa `[k for k in mizigo if k > kikomo]` ulianza kujibu. Usemi wa jenereta na `lambda` vilibaki nje ya dawa hiyo.  Ina maana kwamba wakati huo hata toleo jipya kuliko yote lilikuwa bado halijaumaliza ugonjwa huu.

Kipande cha pili kilikuja na Python 3.13, Oktoba 2024. Safari hii ni `pdb` yenyewe iliyorekebishwa. Ikiona mstari unaozaa fanksheni ndani yake, huufunga ndani ya fanksheni ya muda inayobeba majina ya fremu, ili visanduku viandaliwe kama ambavyo vingeandaliwa ndani ya faili. Tangu hapo usemi wa orodha, wa jenereta na `lambda` huyaona majina ya ndani. Ikumbukwe kwamba dawa hiyo ni ya kitatuzi tu. Programu inayoita `eval` kwa kamusi mbili ili kukokotoa fomula iliyoandikwa na mtumiaji bado itakutana na tatizo lilelile kwa jenereta na `lambda`, hata kwenye 3.13.

Mtu atauliza, basi shida iko wapi ikiwa dawa imeshapatikana? Shida iko kwenye mashine. Kompyuta nyingi zinazofundishia watu kazi hii si mpya. Python ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 3.8. Ubuntu 20.04 inakuja na 3.8, Ubuntu 22.04 inakuja na 3.10, na Ubuntu 24.04 inakuja na 3.12. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuja na dawa kamili. Simu ya Android yenye programu ya Termux inaweza kuwa na toleo jipya kuliko kompyuta ya mezani iliyo kando yake. Wanafunzi wawili walioketi dawati moja wanaweza kuandika mstari uleule na kupata majibu mawili, mmoja akaambiwa amekosea na mwingine akasifiwa, ilhali wote wako sahihi.

Vitatuzi vya wahariri wakubwa huongeza mkanganyiko. Kile cha VS Code kinaitwa `debugpy`, na kama kile cha PyCharm, mzizi wake ni mradi wa `pydevd`. Kwa kukokotoa semi, `pydevd` huzichanganya kamusi mbili kuwa moja, majina ya ndani yakiwekwa juu ya yale ya faili, na kwa njia hiyo `kikomo` huonekana hata ndani ya `lambda`. Kwa hiyo mtu anaweza kuona jibu kwenye VS Code na kunyimwa kwenye `pdb`, katika Python ileile na faili lilelile. Anayeijua sababu hatababaika. Asiyeijua ataanza kuibomoa programu nzima.

Ubomoaji huo una sura mbili zinazojirudia, na zote mbili ni hatari kuliko ugonjwa.

Ya kwanza ni neno `global`. Kijana anaambiwa na kitatuzi kwamba jina halijafafanuliwa, anakumbuka somo la majina ya faili zima, anaongeza `global` juu ya fanksheni, na kitatuzi kinatulia. Hajui amefungua mlango gani. Tazama fanksheni hii ya kumlipa mkulima mmoja baada ya kukata mkopo wa pembejeo, kama vile salfa ya kupulizia mikorosho:

    def lipa(mkulima, bei):
        if mkulima.ana_mkopo:
            deni = mkulima.mkopo
        jumla = mkulima.kilo * bei
        return jumla - deni

Fanksheni hii ina kosa la kweli: mkulima asiye na mkopo hana `deni`. Python italifichua mara moja. Akifika mkulima wa namna hiyo, programu itasimama kwa `UnboundLocalError`, yaani jina la ndani linatumika kabla ya kupewa thamani. Ni kelele yenye faida, kwani inaonyesha mstari wenye kosa na hakuna malipo yanayotoka.

Sasa mwandishi, akiwa kwenye kitatuzi cha toleo la zamani, anauliza usemi wa orodha wenye `deni` ndani yake, anajibiwa kuwa halijafafanuliwa, na anaongeza `global deni`. Kitatuzi kinaridhika. Programu nayo inaridhika, na hilo ndilo baya zaidi. Mkulima wa kwanza ana mkopo, `deni` linawekwa kwenye faili zima. Mkulima wa pili hana mkopo, sharti la `if` linarukwa, na `deni` la mwenzake linabaki palepale. Anakatwa mkopo ambao hakukopa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna programu kusimama, na orodha inachapishwa ikiwa safi machoni. Kosa la kitatuzi lililokuwa halina madhara limetibiwa kwa kosa la programu linalogusa fedha za watu.

Sura ya pili ni ushauri unaopitishwa kutoka mtu hadi mtu: ukikwama kwenye `pdb`, andika `globals().update(locals())`. Kweli, majina ya ndani yatamwagwa kwenye faili zima na usemi wa orodha utajibu. Lakini majina hayo hayaondoki mtu anapoliacha swali lake. Yanakaa humo hadi programu ifungwe, na fanksheni nyingine iliyosahau kupokea `bei` italikuta jina hilo limeachwa na kulitumia, badala ya kusimama na kusema ukweli. Mwandishi atafunga kikao akiamini programu yake ni nzima, kesho ataianzisha upya, na itaanguka mahali ambapo jana ilipita.

Njia salama zipo, hata kwenye 3.8. Ya kwanza ni amri ya `interact` ndani ya `pdb`, inayofungua ukurasa wa Python ambamo majina ya fremu na ya faili yamewekwa pamoja katika kamusi moja. Usemi wa orodha, jenereta na `lambda` vyote hujibu humo. Mipaka yake ni kwamba ukurasa huo hufanya kazi juu ya nakala: ukibadilisha `bei` humo, programu haitajua.

Ya pili ni kuyapitisha majina kwa mkono:

    (Pdb) (lambda m, s: [k for k in m if k > s])(mizigo, kikomo)

Hapa `mizigo` na `kikomo` hukokotolewa nje, mahali yanapoonekana, kisha thamani zake huingia ndani kwa majina ya `m` na `s`. Kwa kuwa `lambda` ni fanksheni halisi, usemi wa orodha uliomo ndani yake hupata kisanduku chake. Ya tatu ni kuandika kitanzi cha kawaida cha `for` katika mstari mmoja na kuchapisha matokeo, maana kitanzi hakizai fanksheni. Tahadhari yake ni kutumia jina la kuzungukia ambalo programu hailitumii, la sivyo swali litabadilisha kinachoulizwa.

Kuna kisa cha pili ambacho toleo jipya halikitibu na wala halitakiwi kukitibu, kwa sababu ndivyo lugha ilivyojengwa.

    def andaa(bei, ushuru):
        def hesabu(kilo):
            return kilo * bei
        return hesabu

Programu ikisimama ndani ya `hesabu`, kitatuzi kitaonyesha `kilo` na `bei`. Ukiuliza `ushuru`, utaambiwa halipo, na safari hii ni kweli. `hesabu` inalitaja `bei`, hivyo Python ililiwekea kisanduku. Haikulitaja `ushuru`, hivyo hakikuandaliwa chochote. Kama `andaa` bado iko kwenye rundo la fremu, amri ya `up` itampandisha mwulizaji hadi kwake na `ushuru` litaonekana. Lakini katika mfano huu `andaa` ilishamaliza kazi na kuondoka, na `ushuru` limeondoka nayo. Aliyekusudia kukata ushuru ndani ya `hesabu` na kusahau kulitaja jina hilo amepata ushahidi wa kosa lake. Mtu anayedhani kila `NameError` ya kitatuzi ni uongo angeupuuza ushahidi huo.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya `NameError` liwe hili: je, jina linakanwa likiulizwa peke yake, au linakanwa tu ndani ya usemi wenye fanksheni iliyofichwa? Likionekana peke yake na kukanwa ndani ya usemi, tatizo ni la kitatuzi. Likikanwa hata peke yake, jina hilo kwa kweli halimo katika fremu ile, na ni wajibu wa mwandishi kuuliza kwa nini.

Kisa cha tatu kinahusu kubadilisha thamani. Mara nyingi mtu husimamisha programu ili ajaribu bei nyingine: anaandika `bei = 3500`, anapanda fremu kwa `up`, anashuka kwa `down`, na anakuta `bei` imerudi 3300. Kabla ya 3.13, kamusi ya majina ya ndani iliyopewa kitatuzi ilikuwa kama nakala ya daftari la mizani iliyotolewa fotokopi. Karani akiandika kwenye fotokopi, daftari halibadiliki, na fotokopi mpya ikitolewa maandishi yake yanapotea. `pdb` ilikuwa na njia ya kuyarudisha mabadiliko kwenye fremu programu inapoendelea, lakini kuhama kutoka fremu moja hadi nyingine kuliomba nakala mpya na kuyafuta. Pendekezo la PEP 667, lililoandikwa na Mark Shannon pamoja na Tian Gao, liliibadilisha hali hiyo katika 3.13. Sasa kitatuzi hupewa kiwakilishi kinachoandika moja kwa moja kwenye majina halisi ya fremu. Kwenye matoleo ya nyuma, ni busara kubadilisha thamani na kuendelea na programu papo hapo, bila kuzurura kwenye fremu nyingine katikati.

Visa viwili vya mwisho ni vifupi, ila hupoteza muda mwingi. Ndani ya klasi, jina linaloanza kwa mistari miwili ya chini, kama `self.__siri` katika klasi ya `Mizani`, hubadilishwa na Python kuwa `self._Mizani__siri` wakati klasi inasomwa. Mstari wa kitatuzi haumo ndani ya klasi, kwa hiyo ubadilishaji huo haufanyiki na jibu huwa kwamba sifa hiyo haipo. Kuiandika kwa jina lake kamili kunamaliza suala. Kisa kingine ni herufi moja moja. `n`, `c`, `s`, `a`, `b`, `l`, `r` na `q` ni amri za `pdb`. Aliyeiita idadi yake `n` akiandika `n` ili aione, programu itasogea mstari mmoja mbele badala ya kumjibu. `p n` au `!n` huondoa utata huo katika kila toleo. Dawa bora zaidi ni kuyapa majina uzito wa maana tangu mwanzo. `idadi`, `kilo` na `bei` havigongani na amri yoyote, na hapo Kiswahili kinampa mwandishi nafasi kubwa kuliko anavyodhani.

Masomo mengi ya programu hufundisha kuandika na kuacha kando kusaka hitilafu. Mwanafunzi huachiwa `print` kila mahali, na siku akikifungua kitatuzi kwa mara ya kwanza hukutana na `NameError` isiyo na maelezo, akakifunga asirudi tena. Hasara hiyo ni kubwa. Kusini mwa Tanzania korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, na siku hizi minada inapita kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX. Kilo za mkulima, daraja la korosho yake, bei ya mnada na kila shilingi ya makato sasa ni vigeu ndani ya kompyuta ya mtu fulani. Kazi hiyo inahitaji vijana wa Mtama, Nachingwea na Kilwa wanaoweza kusimamisha programu, kuichunguza ndani, na kutofautisha kosa la hesabu na kosa la darubini wanayotazamia.

Kwa anayefundisha, masuala matatu yanatosha kuwekwa mwanzoni kabisa mwa somo. La kwanza ni kuandika `python --version` kabla ya kufungua kitatuzi chochote, na kuliandika toleo hilo ubaoni, kila mashine na lake. La pili ni amri za `p`, `up`, `down` na `interact`, zikifanyiwa mazoezi juu ya fanksheni ya mistari mitano kama ile ya `chambua`. La tatu ni marufuku ya wazi: hakuna kuongeza `global` kwa sababu kitatuzi kimelalamika. `global` iingie tu pale ambapo muundo wa programu yenyewe unaitaka, na mara nyingi hautaitaka.

Mwenye Windows 10 au zaidi, au Linux mpya, asakinishe Python 3.13 au toleo lililofuata. Ni bure na linamwondolea sehemu kubwa ya adha hii. Mwenye mashine isiyoweza kulipokea abaki na alichonacho, atumie `interact`, na asiguse hata herufi moja ya fanksheni yake kabla hajaliuliza lile jina peke yake.